Kutoka Kairo hadi Libreville: Timu Mbili na Sanduku la Kikundi

Leo nitasema juu ya mpira. Msizime redio, kwani tutafika kwenye likelemba na kwenye vikundi vya biashara ambavyo wengi wenu mmevianza upya, mtu pamoja na jirani ambaye jana hakumjua.

Mwezi wa Machi 1974, huko Kairo, nchi yetu ikiitwa Zaire, Leopards walipambana na Zambia katika fainali ya Kombe la Afrika. Mara ya kwanza walitoka 2 kwa 2. Siku mbili baadaye wakarudiana, Leopards wakashinda 2 kwa 0. Mabao yote manne aliyafunga Ndaye Mulamba. Katika kombe lile alifunga 9, na hadi leo hakuna aliyefikisha hesabu hiyo katika kombe moja. Wazee wetu bado wanalitamka jina lake kwa furaha, ingawa Ndaye mwenyewe alikuja kuishi ukimbizini Afrika Kusini, akafariki huko mwaka 2019.

Mwezi wa Juni, Leopards wakaenda Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza kutoka kusini ya Sahara kufika Kombe la Dunia. Uskoti iliwafunga 2 kwa 0, na hiyo si aibu. Kisha, kama wachezaji wenyewe walivyosimulia baadaye, wakapata habari kwamba fedha walizoahidiwa zimepotelea mikononi mwa wakubwa. Walitaka kugoma, wakalazimika kucheza. Yugoslavia ikawafunga 9 kwa 0.

Watu husema hawakujua mpira. Mimi sikubali. Ni watu wale wale waliokuwa mabingwa wa Afrika miezi mitatu tu kabla.

Basi tuje sokoni. Wamama kumi wanaouza sambaza wanaweza kuvumilia hasara. Wasichovumilia ni kugundua kwamba mwenye kutunza sanduku alijua jambo akanyamaza. Na hapo, ndugu zangu, ndipo neno la kabila linapoingia. Hawasemi tena "fulani ametuficha", wanasema "ni wale". Mashefu mnaoletewa kesi za namna hii, kabla ya kuuliza nani ametoka wapi, ombeni kwanza kaye ya hesabu, isomwe mbele ya wote.

Na Zambia walioshindwa Kairo? Tarehe 27 Aprili 1993 ndege ya timu yao ilianguka baharini karibu na Libreville, Gabon. Watu wote 30 walikufa, kati yao wachezaji 18. Kalusha Bwalya hakuwamo, kwa sababu alikuwa akicheza Uholanzi. Timu mpya ikaundwa, yeye akawa kapiteni wake, na mwaka 1994 wakafika fainali, wakafungwa na Nigeria 2 kwa 1.

Mwaka 2012 wakarudi Libreville kwa fainali nyingine. Kwanza walikwenda ufukweni kuweka maua kwa ajili ya marehemu. Mbele yao ilikuwa Côte d'Ivoire ya Didier Drogba, ambayo katika mashindano yote haikufungwa bao hata moja. Wazambia wachache tu walicheza Ulaya. Stoppila Sunzu na Rainford Kalaba walikuwa hapa kwetu, Lubumbashi, katika TP Mazembe. Tarehe 12 Februari, dakika 120 zikaisha bila bao. Penalti zikaanza, na golikipa Kennedy Mweene naye akapiga yake, akafunga. Wakafika 7 kwa 7. Kolo Touré akakosa. Kalaba angeweza kumaliza kazi, akapiga juu. Gervinho naye akapiga juu. Ndipo Sunzu akafunga: 8 kwa 7.

Nataka tubaki kidogo na Kalaba. Katika kikundi chenu mngemfanyaje? Tuseme mama mmoja amenyang'anywa mzigo njiani, mtaji wa wote umepotea. Vikundi vingi humfukuza siku ile ile. Wenzake wanaona, wanajifunza, na kuanzia hapo kila mwenye hasara ataificha. Kwa hiyo mmerudi wenyewe kwenye sanduku lenye siri. Mwacheni alipe kidogo kidogo akiwa bado ndani, na hasara yake iandikwe.

Katika fainali hiyo Joseph Musonda aliumia mapema, akatoka analia. Mchezo ulipokwisha, wenzake wakiimba, hakuweza kutembea hadi walipokuwa. Kocha Hervé Renard akaenda, akamwinua mikononi, akambeba hadi katikati yao.