Bayosensa

Bayosensa ni kifaa kinachounganisha kitu cha kibayolojia, kama kimeng'enya au kingamwili, na saketi ya umeme ili kupima kemikali fulani. Leland Clark na Champ Lyons wa Marekani walieleza wazo hilo mwaka 1962.

Jijini Nairobi, mfano unaojulikana zaidi ni kipima sukari, kinachouzwa katika maduka ya dawa katikati ya jiji na Westlands. Tone la damu likigusa stripu ya kupimia ya kifaa hicho, kimeng'enya kilichomo huoksidisha glukosi, yaani sukari ya damu. Elektroni zinazotoka hufika kwenye elektrodi na kuwa mkondo wa umeme. Kadiri sukari inavyozidi, ndivyo mkondo unavyokua. Kifaa huonyesha kipimo kwa milimoli kwa lita. Stripu iliyoingia unyevu au kupitwa na muda haitoi majibu ya kuaminika.