Kutoka waya wa posta hadi simu ya intaneti: safari ya maduka ya Kivu

BUKAVU – Leo mwenye duka wa Kadutu anaagiza mali nchi za ng'ambo kwa simu ya intaneti bila kufunga mlango. Kufika hapo kulichukua miaka mingi, na kila hatua ilitokana na shida.

Wakati wa Zaire, simu ya waya ilikuwa mikononi mwa ONPTZ, ofisi ya serikali ya posta na simu. Waya zilifika hasa kwenye ofisi, makampuni na nyumba za wakubwa. Matengenezo yalipokosekana, laini zikanyamaza moja moja. Uporaji wa mwaka 1991 na 1993 ukazidisha hali hiyo nchini.

Wafanyabiashara hawakungoja serikali. Wengi walitumia foni, ile redio ya kupeleka na kupokea sauti. Mtu alipanga foleni, akalipa, kisha akaita mwenzake wa Butembo au Kisangani. Lakini kila aliyekuwa kwenye masafa yale alisikia, na bei ya mali haikuwa siri tena.

Simu ya mkononi ilianzia Kinshasa. Miko Rwayitare alianzisha Telecel mwaka 1986, ila bei yake ilikuwa ya matajiri. Wakati wa vita, wakaaji wengi wa Goma na Bukavu walishika rezo ya Rwanda kutoka ng'ambo ya mpaka. Celtel ilipoingia Kongo mwaka 2000, na Vodacom mwaka 2002, duka dogo likapata namba yake lenyewe. Hata hivyo, kupiga kutoka rezo moja kwenda nyingine kuligharimu zaidi, ndiyo maana mchuuzi alitembea na simu mbili au tatu.

Mwaka 2015 WhatsApp iliongeza simu za sauti. Huko sauti inakatwa vipande vidogo na kupitishwa kwenye intaneti. Kwa hiyo mteja analipia mega alizotumia, wala si umbali. Tena anaona picha ya kitenge kabla ya kutuma feza.

Lakini waya mpya nao una mwenye kuukata. Kisha uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, serikali ilifunga intaneti nchini kwa karibu siku 20. SMS nazo zilifungwa. Aliyekuwa na namba za kawaida za wateja wake aliwapigia akaendelea kuuza. Aliyewajua kwa majina ya WhatsApp tu alibaki na mali dukani.

Ndiyo sababu wazee wa biashara, waliozoea foni, bado wana daftari la namba chini ya meza, na kadi za rezo mbili. Intaneti imepunguza gharama ya maneno, lakini ufunguo wake hauko dukani.