Karte ya uchaguzi: namna karatasi ya kupiga kura ilivyogeuka kitambulisho cha Mkongomani

Yeyote anayetafuta kazi Goma, Bukavu, Bunia ao Lubumbashi anajua ulizo la kwanza: "Karte yako iko wapi?" Mara nyingi linatangulia hata lile la diploma. Karte inayoombwa ni ya uchaguzi, na uchaguzi unafanyika kila miaka mitano, kukiwa na bahati. Lakini ndiyo inayoombwa mtu akitaka kuandikisha namba ya simu, kutoa pesa benki, ao kupita bariyeri ya askari.

Ndiyo maana mabishano hayaishi kwenye foleni na chini ya mahema. Mmoja anasema asiye na karte atajulikanaje kuwa raia. Mwingine anajibu kwamba karte ni ya kura tu, haimpi mtu nchi wala haimnyang'anyi. Kisheria wa pili ana haki. Kwa maisha ya kila siku, wa kwanza ndiye anayesema kweli. Hali hiyo ina historia ndefu.

Wakati wa Wabelgiji, karatasi ya mtu mweusi ilikuwa ya kazi na ya kodi. Kijitabu alichobeba mwanaume kilionyesha usultani anakotoka, na kwa kijitabu hicho serikali ilimfuata. Kutoka usultani wake kwa zaidi ya siku 30 alihitaji ruhusa ya maandishi. Migodi ya Katanga, ambako kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, ilihitaji mikono mingi, na mikono hiyo ilitafutwa mbali. Kwa sheria ya kazi ya 1922, mfanyakazi aliyevunja mkataba aliweza kufungwa gerezani. Kwa hiyo makaratasi yalikuwa kama kamba: yalisaidia kumjua aliyetoroka. Mwaka 1948 ikaletwa karte nyingine, ya "sifa za kiraia", kwa wachache ambao wakubwa waliona wamestaarabika. Hata huo ustaarabu ulihitaji muhuri.

Uhuru wa 1960 haukuondoa tabia hiyo. Mobutu alipoanzisha chama cha MPR mwaka 1967, na katiba ya 1974 ikasema kila Mzaire ni mwanachama, kitambulisho cha mwananchi kilikuwa ndani ya nchi ambayo chama na serikali vilikuwa kitu kimoja. Mwaka 1984 ikafanyika hesabu ya watu wote, wakapatikana karibu milioni 30. Tangu hapo hakuna hesabu nyingine iliyofanyika. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo anaweza kuwa babu, na nchi yake haijawahi kumhesabu tena.

Kivu ya Kaskazini ilionja ubaya wa karatasi mapema kuliko majimbo mengi. Sheria ya 1972 iliwapa uraia watu waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu kabla ya 1950. Sheria ya 1981 ikaufuta kwa wengi wao. Mwaka 1991, watu wa serikali walipotumwa kutambua nani ni raia, zoezi hilo lilichochea chuki iliyokuwa tayari vijijini. Mwaka 1993 damu ikamwagika Walikale na Masisi. Sababu zilikuwa nyingi, mashamba na vyeo vikiwemo. Lakini swali la nani aandikwe na nani asiandikwe lilikuwa katikati, na wazee wa pande zote wanalikumbuka hadi leo.

Baada ya vita kubwa, serikali ya mpito iliyoingia mwaka 2003 ilipewa kazi ya kupeleka nchi kwenye uchaguzi. Daftari la wapiga kura halikuwepo. Vitabu vya kuzaliwa vilikuwa vimeungua ao kuoza katika ofisi nyingi. Kungoja hesabu mpya ya watu kungechukua miaka. Wabunge wakachagua njia fupi: sheria ya Desemba 2004 iliamuru wapiga kura waandikishwe, na karte watakayopewa ishike nafasi ya kitambulisho, kwa muda tu.

Hilo neno "kwa muda" lina sasa zaidi ya miaka 20.

Uandikishaji ulianzia Kinshasa katikati ya 2005, chini ya tume iliyoongozwa na Padri Apollinaire Malu Malu. Mashine, kamera na wino wa vidole vilipelekwa kwa ndege, kwa mtumbwi na kwa kichwa. Watu karibu milioni 25 walijiandikisha. Chama cha UDPS cha Étienne Tshisekedi kiliwaambia wafuasi wake wasijiandikishe, na hapo wengi waligundua bei ya kususa: aliyekosa kura alikosa pia kitambulisho. Kwa upande mwingine, wengi waliopanga foleni hawakuwa na haja kubwa na siasa. Walitaka karatasi yenye picha yao, na kwa wengi ilikuwa ya kwanza maishani.

Mzunguko ukarudiwa kwa uchaguzi wa 2011, wa 2018 na wa 2023. Kwa sababu karte inafungua milango, watoto wengi wasiofika miaka 18 waliipata kwa ujanja. Mwaka 2018 CENI yenyewe ilifuta mamilioni ya majina yaliyoandikwa mara mbili, pamoja na ya watoto. Mwaka 2023 tatizo likawa jingine: maandishi ya karte mpya yalifutika haraka, watu wakabaki na kipande cheupe. CENI ikalazimika kutoa nakala.

Lakini waliopoteza zaidi ni watu wa vita. Desemba 2018 Beni na Butembo ziliachwa nje ya uchaguzi wa rais kwa sababu ya Ebola na mashambulizi. Walipopiga kura ya wabunge, Machi 2019, rais alikuwa amekwisha kuapishwa. Desemba 2023 zamu ilikuwa ya Masisi na Rutshuru, pamoja na Kwamouth huko Mai-Ndombe. Viti vyao bungeni vilibaki bila watu. Kisha Goma ikachukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, na mwezi uliofuata kambi kama Bulengo zikavunjwa. Watu waliokuwa wameshakimbia mara mbili ao tatu wakabeba tena mizigo, na katika mizigo ile karte ni kitu kidogo cha kupotea.

Aliyepoteza anaweza kuomba hati ya kupoteza makaratasi, lakini muda wake ni mfupi na haikubaliwi kila mahali. Kitambulisho cha taifa, ambacho ofisi yake ONIP iliundwa mwaka 2011, kilionekana Juni 30, 2023, Rais Félix Tshisekedi alipopokea cha kwanza. Raia wengi hawajakishika.

Tazama sasa kijana aliyekimbia Rutshuru mwaka 2022 akiwa na miaka 14. Mwaka 2023 alikuwa mdogo mno kuandikishwa. Anafika miaka 18 mwaka 2026, na hana karte ya zamani ya kuonyesha. Anachoweza kutegemea ni cheti cha kuzaliwa, ikiwa wazazi wake walimwandikisha kwa wakati na cheti kikapona vita. Kwa watoto wanaozaliwa sasa, sheria ya familia inatoa siku 90 za kumwandikisha mtoto bure kwenye ofisi ya serikali. Siku hizo zikipita, kazi ni ya tribinali, na tribinali ina gharama na safari yake.