Msuli Bapa wa Shingo: Historia ya Jina

Historia ya istilahi za anatomia haiwahusu waganga peke yao. Kila jina lililopewa kiungo cha mwili ni hukumu iliyokatwa juu ya kiungo hicho, na hukumu yaweza kuwa ya haki au ya makosa. Mfano unaofaa kuchunguzwa ni msuli uitwao platisma. Majina mbalimbali yaliyowahi kupewa msuli huu yana funzo kwa yeyote anayeshughulika na uundaji wa istilahi katika lugha za Kiafrika.

Platisma ni msuli mpana na mwembamba, uliolala chini kidogo ya ngozi ya shingo, mmoja kuume na mmoja kushoto. Huanzia katika utando unaofunika misuli ya kifua na bega, hupita juu ya mtulinga, hupanda ubavuni mwa shingo, kisha huishia katika ukingo wa taya la chini na katika ngozi iliyo karibu na pembe ya mdomo. Kazi yake ni kushusha mdomo wa chini na kukaza ngozi ya shingo. Ingawa makao yake ni shingoni, huamrishwa na tawi la neva ya uso. Kwa hiyo jamaa zake wa kweli ni misuli ya uso. Tena huhesabiwa kuwa baki la tabaka lile la misuli ambalo ng'ombe hulitumia atikisapo ngozi kuwafukuza nzi.

Aliyeueleza msuli huu kwa mara ya kwanza ni Galen, mganga Myunani aliyezaliwa Pergamon mwaka 129 na kufanya kazi Roma. Katika kitabu chake juu ya njia za upasuaji wa anatomia alidai kwamba waliomtangulia hawakuuona. Sababu yake ni nyepesi: msuli huu umeshikamana na ngozi, na mpasuaji asiye mwangalifu huuchuna pamoja nayo. Galen aliuita kwa maneno mawili ya Kiyunani, *myodes platysma*, yaani bapa lenye asili ya msuli. Jina hilo halikudai lolote juu ya kazi yake. Lilitaja tu umbo lililoonekana.

Lakini kama jina lilikuwa la haki, maelezo yalikuwa na kasoro. Galen hakupasua maiti za binadamu. Alipasua wanyama, hasa kima wa Afrika ya Kaskazini. Katika kima hao msuli huu huenea hata ukosini, na Galen aliandika kwamba nyuzi zake hutoka katika mifupa ya uti wa shingo. Mwaka 1531 Johann Guinter alichapisha Paris tafsiri ya Kilatini ya kitabu hicho. Mmoja wa wanafunzi wake, Andreas Vesalius, ndiye aliyeonyesha katika kitabu chake kikuu cha mwaka 1543 kwamba mengi ya Galen yalikuwa habari za kima zilizovikwa jina la mtu.

Baadaye majina yaliongezeka. Katika Kilatini uliitwa msuli mpana kupita yote ya shingo, na pia msuli wa chini ya ngozi ya shingo. Wafaransa waliuita *peaucier*, kutokana na neno lao la ngozi. Lililothubutu zaidi lilitoka kwa Duchenne, tabibu Mfaransa aliyeisisimua misuli ya uso kwa umeme na kutangaza matokeo yake mwaka 1862. Yeye aliuita msuli wa hofu.

Charles Darwin alilipima jina hilo katika kitabu chake cha mwaka 1872 juu ya maonyesho ya hisia. Alipata habari kutoka kwa Dakta Ogle, aliyewatazama wagonjwa wapatao 20 katika hospitali moja ya London, muda mfupi kabla ya kutiwa usingizi kwa ajili ya kupasuliwa. Walikuwa na wasiwasi, lakini ni 4 tu ambao msuli wao ulionekana kukaza, na hao nao ulikaza walipoanza kulia. Darwin hakukana kwamba hofu kuu huukaza msuli huu, ila alionyesha kwamba haustahili kuitwa kwa hofu peke yake.

Wanaanatomia walipokubaliana juu ya majina sanifu mjini Basel mwaka 1895, waliteua platisma. Jina lililodai machache ndilo lililodumu.

Katika Kiswahili, anayeuita msuli wa hofu ataazima kosa lililokwisha kusahihishwa. Anayeuita msuli wa ngozi atautaja kwa jirani yake. Neno *bapa*, ambalo Mswahili hulitumia kwa upande mpana wa upanga, latosha: msuli bapa wa shingo. Wala jambo hili si la kamusi tu. Madaktari hupima hatari ya jeraha la shingo kwa kuuliza kwanza kama limeupenya msuli huu, kwa maana chini yake ndiko ilikopita mishipa mikubwa ya damu. Jina ambalo mwanafunzi analielewa mara alisikiapo humwonyesha mahali pa kutazama.