Ufuatiliaji wa Mgonjwa Baada ya Tiba ya Saratani ya Mlango wa Kizazi

Ufuatiliaji wa mgonjwa ni uangalizi wa kitabibu unaoanza siku tiba inapokwisha, hata kama mwenyewe anajiona mzima kabisa. Kwa kuwa kesi na madeni nayo hufuatiliwa, istilahi hii haikamiliki bila neno "mgonjwa": anayefuatiliwa ni mtu, si uvimbe peke yake. Katika mazungumzo ya kila siku husemwa tu "kurudi kliniki".

Saratani ya mlango wa kizazi ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 2 hadi 3 ya mwanzo. Ndiyo maana mgonjwa huitwa kila baada ya miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2, kisha kila baada ya miezi 6 hadi 12 mpaka mwaka wa 5. Daktari huuliza kuhusu damu ukeni, uchafu wenye harufu, maumivu ya nyonga au mgongo, na mguu uliovimba. Hupapasa tumbo na mitoki, akatazama uke kwa spekulamu. Picha ya CT hupigwa dalili zikiitaka. Kipimo cha seli husomeka kwa shida baada ya mionzi, kwani mionzi hugeuza sura ya seli zisizo na saratani pia. Damu ikitoka, tarehe ya kliniki haisubiriwi.

Upande wa pili wa ufuatiliaji, unaopuuzwa mno, ni madhara ya tiba yenyewe. Mionzi husinyaza na kukausha uke. Hukomesha hedhi hata kwa mwanamke wa miaka 35. Kibofu na puru huweza kuvuja damu miaka mingi baadaye, na wengine hupata fistula. Mengi ya haya mwanamke hayasemi asipoulizwa, hasa kuhusu tendo la ndoa, na hawezi kuyasema chumba kikiwa kimejaa watu. Mhudumu anayenyamaza hapo kwa kuona haya amemnyima mgonjwa vilainishi, vipanuzi vya uke na ushauri ambao ungemsaidia. Kwa anayeishi na VVU, dawa za ARV huendelea, na ni vyema kliniki ya VVU na ya saratani ziangukie siku moja.

Umbali nao hukatiza ufuatiliaji. Aliyetibiwa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, akarudi kwao Kigoma, ana safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Uchunguzi wa kawaida unaweza kufanyika katika hospitali ya mkoa wake, mradi awe na barua inayotaja hatua ya saratani, tiba na kiasi cha mionzi alichopewa, pamoja na dalili zinazohitaji arudishwe haraka.