Gesi Isiyo na Jaa

Kuanzia 1999, kwa miaka kadhaa, maputo yalikuwa yakirushwa angani kutoka Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Kila puto lilibeba kifaa kidogo cha kupima ozoni, likapanda mpaka kilomita 30 hivi, likapasuka. Kituo chenyewe ni kile cha Waitaliano, San Marco, ambacho jukwaa lake la baharini ndilo lililorusha setilaiti ya Uhuru mwaka 1970. Vipimo viliingia katika mradi wa NASA wa kufuatilia ozoni ya ukanda wa joto. Yaani Malindi yetu hii, tunayoijua kwa mahamri na watalii, ilikuwa moja ya sehemu chache za Afrika zilizopima ozoni namna hiyo.

Sasa toka Ngomeni uje mjini. Miaka hiyo hiyo, fundi wa friji akiletewa friji bovu alifanya walichofanya mafundi wengi duniani: alikata paipu ya shaba, fyuuu, gesi ikaenda zake, kisha akaanza kazi. Friji likiwa la zamani, gesi ile ilikuwa R-12, na R-12 ni mojawapo ya gesi zilizokuwa zikila hiyo ozoni ya juu. Mji ukawa unapima kwa mkono huu na kuharibu kwa mkono huu. Nimeona tuifuate gesi yenyewe tangu mwanzo, tujue kwa nini mpaka leo haina pa kutupwa.

Kabla ya friji, pwani ilijua chumvi na jua. Samaki alipasuliwa akawa ng'onda, papa akakaushwa, safari ikawezekana. Mashine za kwanza za baridi zilitumia amonia au dioksidi ya salfa, na zikivuja ndani ya nyumba zilikuwa hatari kwa watu. Mwaka 1928, Thomas Midgley wa Marekani na wenzake wakapata gesi isiyowaka na isiyo sumu, ikaja kuuzwa kwa jina la Freon. Ilikuwa kitu kizuri, tusidanganyane. Samaki wa Malindi akaweza kufika Nairobi mbichi, na mgeni wa hoteli akapata soda baridi mchana wa kaskazi.

Ubaya wake ulijulikana baadaye. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi hizi haziozi huku chini. Hupanda, zikapigwa na miale ya jua, zikaachia klorini, na klorini ikavunja ozoni inayotukinga. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza wakatangaza kwamba ozoni ya juu ya Antaktika inapungua vibaya kila majira ya kuchipua. Hewa ya chini huingia tabaka la juu hasa kupitia ukanda wa ikweta, halafu husambaa kuelekea ncha za dunia. Kwa hiyo uharibifu ulionekana mbali, lakini njia ya kupandia inapita juu ya vichwa vyetu.

Itifaki ya Montreal ilitiwa saini tarehe 16 Septemba 1987. Jina ni la Kanada, ila kazi kubwa ilisukumwa kutoka Gigiri, Nairobi, makao ya UNEP, chini ya Mmisri Mostafa Tolba. Kenya iliridhia mapema, Novemba 1988. Nchi zinazoendelea, ambazo matumizi yake hayakufika gramu 300 kwa mtu kwa mwaka, zilipewa muda zaidi pamoja na mfuko wa kuzisaidia. Mwaka 2007 Kenya ikatunga kanuni za leseni za gesi hizi, na ilipofika 1 Januari 2010, R-12 na ndugu zake zikawa zimefungiwa mlango kwa nchi zetu pia.

Mkataba umefaulu, na ozoni inarudi polepole. Lakini usome vizuri: unadhibiti kutengeneza na kutumia gesi mpya. Ile iliyokwisha kuingia nchini, ndani ya mafriji, ndani ya mitungi na ndani ya sponji ya kuta za friji, haumlazimishi mtu yeyote kuiteketeza. Bomba limefungwa, maji yaliyomwagika sakafuni hayana mwenyewe.

Nilimuuliza mzee mmoja fundi, Malindi, kwa nini hakusanyi gesi kabla ya kufungua mashine. Hakukasirika. Aliniambia mafunzo anayajua, mashine ya kunyonya gesi ni ghali, lakini hata angekuwa nayo, mwanangu, nikishaijaza kwenye mtungi nimpelekee nani? Gesi safi unaweza kuirudisha kazini. Iliyochanganyika, 12 na 22 na kitu kingine, haifai tena, na mteja hatalipia kuhifadhi uchafu.

Jibu la kisayansi lipo. Gesi hizi huvunjika kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000, mradi asidi inayotokea ishikwe. Tanuri la saruji lina vyote viwili: moto mkali, na chokaa inayoizima asidi. Indonesia imeteketeza gesi hizi katika tanuri la saruji la Narogong, karibu na Jakarta. Nepal, yenye shehena iliyokamatwa mpakani, ililazimika kuisafirisha hadi Marekani. Sisi tumekalia mawe ya matumbawe, na saruji imechomwa Bamburi tangu 1954. Kuwa na tanuri pekee hakutoshi, kunahitajika vifaa vya kuingizia gesi, vibali na vipimo vya moshi. Lakini tusiseme teknolojia iko mwezini.

Kinachokosekana ni pesa ya kilo ya kwanza: nani atamlipa fundi, nani atabeba mtungi kutoka Watamu. Na muda hautusubiri, kwa sababu gesi isiyoteketezwa haikai. Chumvi ya bahari inakula koili, inavuja yenyewe. R-12 nyingi ya Barani imekwisha kwa njia hiyo, bila mtu kutoa hesabu. Friji moja la nyumbani lenye gramu 150 za R-12 hupasha dunia joto sawa na zaidi ya tani 1.5 za kaboni dioksidi.

Sasa ni zamu ya R-22, iliyojaa kwenye viyoyozi vya zamani vya hoteli na maofisi. Ratiba inataka nchi zetu ziwe zimepunguza asilimia 67.5 ya matumizi ya kundi lake kufikia 2025, na karibu yote kufikia 2030. Viyoyozi hivyo vitashushwa ukutani mmoja mmoja, na kila kimoja kitafika mbele ya fundi mwenye swali lile lile. Kaunti za Kilifi na Mombasa zikiwa na mahali pamoja pa kupokea mtungi na kulipa kwa kilo, atakuwa na pa kuupeleka. Zisipokuwa napo, atakata paipu.