Zambarau ya Mama, Buluu ya Shangazi

Kwenye albamu ya nyumbani kuna picha ya baba na mama ya mwaka 1979, waliyopiga studio pale Tanga wiki moja baada ya harusi. Baba kavaa bugaluu, mama kavaa gauni refu na kashika ua la plastiki. Leo kila kitu kwenye picha ile ni chekundu. Uso wa mama, ukuta, ua, hata viatu vya baba. Utadhani walipigwa picha ndani ya tanuri. Ukimuuliza mama gauni lile lilikuwa la rangi gani, atakujibu bila kufikiri: zambarau. Shangazi akisikia hivyo anacheka. "Wifi, zambarau gani? Lile gauni lilikuwa la buluu. Si mimi niliyekipeleka kitambaa kwa fundi?" Ugomvi huo nimezaliwa nikaukuta.

Mwaka jana nikaipeleka picha kwa kijana mmoja anayesafisha picha za zamani kwa kompyuta. Akaniuliza, "Gauni tuliweke rangi gani, braza?" Nikakosa jibu. Akabofyabofya, akaniletea mama mwenye gauni la kijani, zuri kweli kweli. Mama aliiangalia kidogo tu, akanirudishia. "Huyu si mimi."

Basi, ndivyo nilivyoanza kusoma habari za rangi na jinsi inavyopimwa, nikakutana na kisa cha Mark Rothko na Chuo Kikuu cha Harvard. Nitawasimulia kwa kirefu, kwa sababu ni kisa cha picha ya mama, ila kimetokea kwa watu wenye maabara.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Rothko, mchoraji mkubwa wa Marekani, alichora michoro mikubwa kwa ajili ya chumba cha kulia chakula juu kabisa ya jengo la Holyoke Center, hapo Harvard. Mitano ikatundikwa mwaka 1964. Rangi yake kuu ilikuwa ile ambayo sisi tungeiita damu ya mzee: nyekundu nzito, iliyokolea. Tatizo ni kwamba chumba kilikuwa na madirisha makubwa, na watu wanaokula hupenda kuangalia nje. Mapazia yakabaki wazi. Jua likaingia kila siku, miaka ikapita, na ile damu ya mzee ikaanza kupauka. Sehemu nyingine zikawa buluu hafifu. Mwaka 1979, mwaka uleule mama alipokuwa ameshika ua lake la plastiki Tanga, michoro ikashushwa na kupelekwa stoo.

Kilichoponza kazi ile ni rangi moja iitwayo Lithol Red, rangi ya bei nafuu iliyotumika sana kwenye wino wa uchapishaji. Ni nzuri kuitazama lakini haivumilii mwanga. Rothko aliichanganya na rangi nyingine zinazovumilia, ikiwemo buluu. Nyekundu ilipokufa, buluu ikabaki peke yake, kama mjane.

Unaweza kuuliza: kwa nini wasipake upya? Kwa sababu Rothko hakupaka vanishi juu ya kazi yake. Kwenye mchoro wenye vanishi, mhifadhi anaweza kugusia rangi juu ya vanishi, na kesho mwingine akaifuta bila kuumiza kilicho chini. Hapa rangi mpya ingeingia moja kwa moja kwenye rangi ya Rothko na kubaki humo. Na wahifadhi wana mwiko wao: usifanye jambo ambalo anayekuja baada yako hataweza kulitengua. Kijana wangu wa kompyuta angalau hakuigusa picha yenyewe. Tumshukuru kwa hilo.

Kwa hiyo swali likawa: rangi ya mwanzo ilikuwa ipi hasa? Rothko alifariki mwaka 1970. Waliokula mle chumbani wangeweza kusema "ilikuwa nyekundu", kama mama anavyosema zambarau. Lakini nyekundu ni neno tu, na ndani yake mnaingia nyekundu elfu moja.

Hapa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1888 nchini Uingereza mkemia W. J. Russell na Kapteni W. de W. Abney walitoa ripoti kuhusu mwanga na rangi za maji, baada ya watu kubishana kama michoro ya makumbusho inaharibika au la. Walipaka rangi kwenye vipande vya karatasi, wakavitia ndani ya mirija ya kioo, wakaziba sehemu na kuacha sehemu wazi, wakaviweka juani muda mrefu. Mwishowe hakuna aliyehitaji kubisha tena: kipande kilichozibwa na kilichoachwa wazi vilikaa ubavu kwa ubavu. Walionyesha pia kwamba unyevu na hewa humsaidia mharibifu kazi yake.

Lakini hata wao walitegemea macho kuhukumu. Hatua kubwa ilikuja mwaka 1931, pale tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, ilipokubaliana namna ya kugeuza rangi kuwa tarakimu. Msingi wake ulikuwa majaribio ya Waingereza wawili, W. David Wright na John Guild. Waliwakalisha watu mbele ya mwanga wa rangi fulani na kuwaomba wauige kwa kuchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu. Wright alitumia watu 10, Guild watu 7. Jumla 17. Jicho la kawaida ambalo dunia nzima inalitumia kupimia rangi lilizaliwa kwenye macho ya watu hao 17. Shangazi yangu hakualikwa.

Mwaka 1976 tume hiyohiyo ikaleta mfumo ambao makumbusho mengi yanautumia hadi sasa. Kila rangi inapewa tarakimu tatu. Ya kwanza inasema weusi na weupe, kuanzia 0 hadi 100. Ya pili inasema rangi imeegemea kijani au nyekundu. Ya tatu, buluu au manjano. Ukipima kitu leo na ukakipima tena baada ya miaka kumi, unaweza kukokotoa kimehama kiasi gani. Tofauti ya 1 hivi iko karibu na mwisho wa uwezo wa jicho zuri kuitambua. Yaani chombo kinaweza kukushtua mapema, kabla hujasema "hiki kitu mbona kama kimebadilika?"

Sasa tatizo la Harvard: hakuna aliyepima mwaka 1964. Kilichokuwepo ni picha za Ektachrome zilizopigwa wakati michoro ikiwa mipya. Na picha hizo, kumbe, nazo zilikuwa zimepauka! Filamu ya rangi hubeba tabaka tatu za rangi: manjano, majenta na sayani, na kila moja hufa kwa mwendo wake. Kwenye picha nyingi za zamani sayani hutangulia, hata zikiwa gizani, na inayobaki inaelemea wekundu. Niliposoma hapo nikaifunga kompyuta nikaenda kuitazama tena albamu. Miaka yote nilidhani ni vumbi la Tanga.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, walizirudishia picha zile rangi kwa hesabu. Lakini hesabu inahitaji shahidi, na shahidi alikuwepo. Rothko alichora mchoro wa sita wa mfululizo uleule, ambao haukutundikwa pamoja na ile mitano. Haukuonja jua la chumba kile. Rangi yake ikawa kipimo cha kuhakikishia zilizofufuliwa.

Kisha wakafanya jambo ambalo mimi naliona ni la adabu kubwa. Hawakuigusa michoro kabisa. Kamera ikasoma rangi ya sasa ya turubai nukta kwa nukta, kompyuta ikailinganisha na ile ya mwanzo, na projekta ikarusha kila mahali mwanga wa rangi unaofidia kilichopotea. Nukta zenyewe ni zaidi ya milioni mbili. Kuanzia Novemba 2014 hadi Julai 2015, watu waliingia makumbusho ya Harvard wakaiona damu ya mzee ya mwaka 1964. Ikifika saa kumi jioni projekta inazimwa, na michoro inarudi kwenye upaukaji wake mbele ya macho yao. Ningekuwepo, ningeenda saa kumi kasoro dakika tano.

Sisi watu wa vitabu tunaamini maneno yanatosha. Van Gogh alimwandikia nduguye Theo mwaka 1888 kwamba kuta za chumba chake kwenye mchoro ni zambarau hafifu. Leo kuta hizo ni buluu, maana nyekundu iliyokuwemo imekufa. Bila barua tusingejua kuna kilichopotea. Lakini barua haisemi hafifu kiasi gani, kwa hiyo maabara ikalazimika kumalizia.

Na sisi Waswahili tungejua hilo kuliko wengi. Ni weupe, weusi na wekundu tu vinavyofuata ngeli, eti gauni jeupe, nguo nyekundu. Rangi nyingine tumeziazima kwenye vitu: kijani ni ya majani, manjano ni bizari, kahawia ni kahawa, kijivu ni jivu, zambarau ni tunda. Ukisema zambarau umenipa tunda, ila hujaniambia limeiva kiasi gani.

Nikawa na wazo. Gauni lenyewe lilishakatwa zamani likawa foronya, na foronya moja ipo mpaka leo, imepauka hadi kufanana na maji ya kufulia. Wahifadhi wa nguo hutafuta rangi ya asili mahali jua halifiki: ndani ya pindo. Mwezi uliopita nikaomba ruhusa, nikaufumua ushono taratibu kwa wembe. Ndani yake kulikuwa na ukanda mwembamba kama kidole, umefuliwa mara nyingi, ndiyo, lakini haujawahi kuona jua.

Niliuweka mezani. Mama akavaa miwani. Shangazi akasogeza kiti.

"Umeona?" akasema mama. "Zambarau."

"Si nilikwambia?" akasema shangazi wakati uleule. "Buluu."

Walikuwa wanatazama kitambaa kimoja, kwenye mwanga mmoja, na kila mmoja ameshinda. Miaka zaidi ya arobaini walikuwa wameikumbuka rangi ileile. Walichotofautiana ni jina.

Nimekitia kile kipande kwenye bahasha ya kaki, nimeiweka droo ya chini, mbali na dirisha. Siku nikipata mwenye kifaa cha kupimia, nitaandika tarakimu tatu nyuma ya picha, pamoja na tarehe, ili wajukuu wasije wakaupaka ubishi huu rangi ya kijani. Juu ya bahasha nilitaka kuandika rangi ya gauni. Nimeshika kalamu nikaiweka chini. Nimeandika tu: gauni la mama, Tanga, 1979.